Niweke rehani nyumba ninunue mahindi ya kuhifadhi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina duka la nafaka na unga hapa Majengo, Dodoma, huu mwaka wa sita. Kwa mwezi, nikishatoa kodi na gharama zote, nabaki na kama laki tisa. Laki tano inakwenda nyumbani na kwenye shule za watoto. Nimeweka akiba milioni 4. Rafiki yangu alinunua mahindi Kibaigwa wakati wa mavuno, akayahifadhi, akauza Januari na kununua bajaji. Nami nataka magunia 300. Sasa hivi gunia la kilo 100 ni shilingi 55,000, na Januari nategemea 85,000. Benki imekubali kunipa milioni 15 kwa dhamana ya nyumba yetu ya Nkuhungu, rejesho ni 1,420,000 kwa mwezi kwa miezi 12, kuanzia Agosti. Mume wangu anaogopa, anasema tubaki na duka letu. Huku sokoni wananiambia biashara ni kujilipua. Nijilipue, au nibaki nilipo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nashukuru umeandika kabla ya kusaini, na nashukuru zaidi kwamba umeniwekea tarakimu. Wengi huniuliza "nithubutu au nisithubutu" bila hata namba moja, na hapo huwa sina la kuwasaidia zaidi ya kuwatakia heri.

Jibu langu kwa kifupi: mahindi nunua, nyumba iache. Tena nunua machache kuliko unavyofikiria, kwa sababu nitakazokuonyesha kwa hesabu zako mwenyewe.

Tuanze na hesabu iliyokuvutia. Magunia 300, kila moja likipanda kutoka 55,000 hadi 85,000, ni faida ya 30,000 mara 300, yaani milioni 9. Ukitoa rejesho la kila mwezi ambalo "litajilipa", unaona bajaji mbili. Nimeshaiona hesabu ya namna hii imeandikwa nyuma ya risiti, kwenye kava la daftari la mtoto, hata kiganjani. Kila mara imekamilika upande wa bei na haina kitu upande wa tarehe.

Gunia halifiki ghalani kwa 55,000. Kuna ushuru, usafiri kutoka Kibaigwa, makuli wa kupakia na kushusha, mifuko, dawa, kodi ya ghala kwa miezi sita na mlinzi. Nakadiria 9,000 kwa gunia, na hapo nimebana. Gunia limekuwa 64,000. Mara 300 ni 19,200,000. Mkopo wako na akiba yako yote kwa pamoja ni milioni 19. Laki mbili tayari zinatoka dukani, hata fuso halijawasha injini. Ongeza gharama za mkopo wenyewe, yaani tathmini ya nyumba, bima na usajili wa rehani. Tuweke 450,000, ila waulize benki wakupe yako kamili kwa maandishi.

Sasa Agosti inafika. Benki inataka 1,420,000. Duka linakubakishia laki nne baada ya matumizi ya nyumbani. Pengo ni 1,020,000, na akiba huna tena kwa sababu imelala ghalani. Utafanya nini? Utauza mahindi. Kwa bei ipi? Ya Agosti, wakati mashamba ndiyo yanamalizia kuvunwa na kila mkulima anauza. Hata nikikuwekea 58,000 kwa gunia kutoka Agosti hadi Desemba, unahitaji kuuza magunia kama 18 kila mwezi ili kuziba pengo. Kwa miezi mitano ni magunia 90. Karibu theluthi ya mzigo imeondoka kabla msimu uliousubiri haujafika, tena imeondoka kwa bei iliyo chini ya gharama uliyoutolea mzigo wenyewe.

Januari inafika na, kwa rehema ya Mungu, bei ni 85,000 kama ulivyotabiri. Unauza magunia 210 yaliyobaki, unapata 17,850,000. Yale 90 yalishakupa 5,220,000. Jumla 23,070,000. Toa gharama ya mzigo 19,200,000. Toa riba, maana miezi 12 ya 1,420,000 ni 17,040,000 kwa mkopo wa milioni 15, yaani riba ni 2,040,000. Toa ile 450,000. Umebaki na 1,380,000. Benki ikikuruhusu kulipa lote mapema bila faini, utaokoa laki kadhaa za riba. Hiyo ndiyo milioni 9 yako, na nimedhania hakuna hata gunia moja lililotobolewa na wadudu.

Na bei ikisimama 60,000? Magunia 210 yanatoa 12,600,000. Ongeza 5,220,000, toa mzigo, toa riba na gharama. Umepata hasara ya 3,870,000. Akiba ya miaka sita imekwisha, na bado una marejesho hadi Julai.

Tazama hizo namba mbili kwa utulivu. Mambo yakienda kama ulivyoomba, unapata milioni moja na laki nne hivi. Bei ikipanda kidogo tu, unapoteza karibu milioni nne. Na bei ikishuka hadi 50,000 huku magunia 20 yameharibika, hasara inakaribia milioni 7, na hiyo haimo kwenye akiba. Hiyo inatoka kwenye rafu za duka, na rafu zikishakuwa tupu, kinachofuata ni nyumba ya Nkuhungu.

Ndiyo maana nasema hatari yako kubwa haipo kwenye bei ya mahindi. Ipo kwenye tarehe ya rejesho. Mahindi yanaweza kusubiri, benki haisubiri. Mtu anayehifadhi mazao kwa fedha yake mwenyewe, bei ikiwa mbaya Januari anasubiri Machi. Wewe hutaweza kusubiri, na mnunuzi mzoefu akigundua kwamba una rejesho tarehe 28, atakuja tarehe 26.

Nikuonyeshe nguvu ya tarehe kwa mfano mmoja. Chukua mkopo uleule, mahindi yaleyale, riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ambayo ndiyo inayokaribiana na rejesho lako. Lakini sasa benki inakwambia ulipe yote kwa mkupuo mmoja Februari. Riba ya miezi saba ni 2,100,000. Unauza magunia yote 300 Januari kwa 85,000, unapata 25,500,000. Ukitoa mzigo, riba na gharama unabaki na 3,750,000. Bei ni ileile na mzigo ni uleule, ila faida imekuwa karibu mara tatu, kwa sababu tu hukulazimika kuuza Agosti. Kwa hiyo ukienda benki, swali la kwanza lisiwe "mnanipa kiasi gani". Muulize afisa mikopo kama wana mkopo wa msimu ambao rejesho linafuata mauzo ya mazao. Baadhi ya taasisi wanayo. Akikwambia hakuna, mkopo huo ni wa biashara inayoingiza fedha kila siku, kama duka lako. Mahindi ya kuhifadhi hayaingizi kila siku.

Hata hivyo, ukipata mkopo wa msimu bado nisingekushauri kuweka nyumba mwaka huu. Kwa mkopo huohuo wa mkupuo mmoja, bei ikiwa 60,000 hasara ni 3,750,000, sawasawa na faida. Umeirusha sarafu, na juu ya sarafu umeweka paa la watoto. Tena sarafu hii ina mikono mingi inayoigusa ikiwa bado hewani.

Nieleze hapo, maana watu hudhani bei ya mahindi ni mvua ya Dodoma tu. Wanaona Desemba mvua imechelewa, wanasema "mwaka huu tutauza". Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, na mara nyingi ni wa kubahatisha, hilo ni kweli. Lakini mahindi yanayouzwa hapa hayatoki Dodoma peke yake. Kibaigwa inapokea mzigo wa Kiteto na Gairo pamoja na wa Kongwa yenyewe, na bei ikipanda sana, malori ya Ruvuma, Songwe na Rukwa yanaanza kupandisha huku. Nyanda za Juu Kusini zikivuna vizuri, ukame wa kwetu hautoshi kukupa 85,000. Januari na Februari ndipo pia maeneo yenye vuli, kama Tanga na Kilimanjaro, yanapovuna. Wakenya, ambao ni wateja wakubwa wa mahindi yetu, wanavuna msimu wao mkuu Bonde la Ufa kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo hamu yao inaweza kupoa wakati uleule unaotegemea ipande.

Halafu kuna serikali, zote mbili. Juni 2017 serikali yetu ilizuia kupeleka mahindi nje ya nchi, na waliokuwa wamejaza maghala wakitegemea soko la nje walijikuta na mzigo usio na mnunuzi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya kuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache likiwa na masharti mapya, lakini kwa mtu mwenye lori lililosimama Namanga siku chache ni nyingi mno. Mwishoni mwa 2022, bei ilipopanda na wananchi kulia, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulipeleka mahindi ya bei nafuu kwenye maeneo yenye upungufu. Silaumu hatua hiyo, watu walihitaji kula. Lakini mfanyabiashara aelewe kwamba chakula si bidhaa kama vyombo vya plastiki. Mwaka ambao bei inapaa kupita kiasi ndio mwaka ambao serikali ina sababu ya kuingilia. Faida yako ina dari, ila hasara haina sakafu.

Rafiki yako wa bajaji namheshimu. Alifanya kazi, akapata. Lakini muulize mambo matatu ambayo hakukusimulia: alinunua kwa fedha ya nani, alinunua magunia mangapi, na mwaka uliotangulia aliuza kwa bei gani. Waliopata hasara hawapiti dukani kwako kusimulia. Wamehama fremu, au wamerudi Mpwapwa kulima, au wapo hapohapo sokoni na wamenyamaza. Kwa hiyo hadithi zinazokufikia zote zina bajaji mwishoni.

Na sasa niseme upande wa pili, maana usije ukanisoma kwamba nakuambia ukae kimya. Mumeo anaposema mbaki na duka, anadhani duka halina hatari. Linayo. Dodoma uliyofungua duka si Dodoma ya leo. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016 mji umepanuka, Nzuguni ina Soko Kuu la Job Ndugai, mitaa mipya ina maduka yake, na mteja wa Ilazo haji tena Majengo kwa kilo tano za unga. Ukikaa na mtaji uleule miaka sita mingine, bei za bidhaa zitakuwa zimepanda na mtaji wako utanunua nusu ya rafu. Kutothubutu kabisa nako ni kupoteza, ila huko unapoteza polepole na hakuna anayekuja kukupa pole. Kwa hiyo hamu yako ya kukua ni sahihi. Ninachobishana nacho ni ukubwa wa hatua na fedha unayoikanyagia.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini: kabla ya kuuliza utapata nini, andika ni kiasi gani kikipotea chote bado Jumatatu utafungua duka, watoto watakwenda shule, na hutamkopa mtu. Kiasi hicho ndicho mtaji wako wa kuthubutu. Hakuna kingine.

Tukipime kwako. Nyumbani mnatumia laki tano. Weka miezi mitatu pembeni, 1,500,000, isiguswe hata kidogo, kwenye akaunti tofauti na siyo kwenye simu unayolipia bidhaa. Imebaki 2,500,000. Kwa 64,000 inanunua magunia 39. Najua moyo umeshuka, kutoka 300 hadi 39. Subiri tuyapigie hesabu.

Ukiyahifadhi yote 39 na bei ikafika 85,000, unapata 819,000 safi, hakuna riba, hakuna tathmini ya nyumba, hakuna afisa mikopo anayepiga simu. Linganisha na ile 1,380,000 ya magunia 300. Kwa mzigo wa karibu moja ya nane unapata zaidi ya nusu ya faida. Na mambo yakiharibika vibaya, bei 45,000 na magunia manne yameliwa, unapoteza 921,000. Inauma sana. Lakini ziada ya duka lako ya laki nne kwa mwezi inairudisha ndani ya miezi mitatu, na hakuna mtu aliyekuja kupima nyumba.

Tena wewe una kitu ambacho wengi wanaohifadhi mahindi hawana: duka la unga. Wao wakikwama wanamsubiri dalali. Wewe unasaga. Fungua daftari lako la mauzo uhesabu ni magunia mangapi ya mahindi duka lenyewe linameza kwa mwezi, kwa sembe na dona. Tuseme ni nane. Maana yake magunia 39 ni mahitaji ya duka kwa karibu miezi mitano, ambayo ungeyanunua tu, mwezi kwa mwezi, kwa bei inayopanda. Kuyanunua sasa si kamari. Umejipatia bei ya mavuno kwa unga utakaouza Novemba. Bei ikipanda, wewe una unga wa gharama ndogo na mwenzako wa fremu ya jirani hana. Bei isipopanda, utasaga na kuuza kama kawaida, na hasara yako ni ile gharama ya kuhifadhi tu. Kwa hiyo kanuni yangu kwa mwaka wa kwanza ni kwamba usinunue zaidi ya kile duka lako litakachoweza kukimaliza lenyewe.

Usinunue siku moja. Gawa mafungu matatu, kila moja wiki mbili au tatu baada ya jingine, maana hujui bei ya chini kabisa itakuwa siku gani, na wala dalali hajui. Kuuza vilevile. Na kabla hujanunua gunia la kwanza, andika kwenye karatasi bei mbili na tarehe moja: bei ambayo ikifika unauza nusu bila kujadili, bei ambayo ikishuka hapo unasimamisha kununua na kuanza kusaga, na tarehe ya mwisho ya kuwa na mahindi ghalani. Mimi ningeandika mwisho wa Februari. Mpe mumeo karatasi hiyo aishike. Januari, bei ikiwa 80,000 na soko zima linasema "itafika laki", utashukuru kwamba uamuzi ulishafanyika Julai ukiwa na akili tulivu.

Kwenye kununua kwenyewe, kilo ni mizani, macho hayatoshi. Usikubali kuuziwa kwa kutazama ukubwa wa gunia, na usichukue lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ukidhani umepata nafuu, kwa sababu Wakala wa Vipimo wakikukuta nayo barabarani nafuu yote itaishia kwenye faini. Simama mwenyewe wakati bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli ndani ya gunia, linaingizwa. Lisiingizwe juu tu, lichomwe ubavuni na chini, maana juu ndiko kunakopambwa. Mimina punje kiganjani, uzinuse, uziume. Kisha fanya jaribio la chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kiasi na punje za mahindi, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, hayo mahindi yana unyevu, hayafai kuhifadhiwa. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 13.5 au chini.

Hili la unyevu nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko hata fedha. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapa kwetu, Chemba na Kondoa, na jirani zetu Kiteto. Ni sumu ya kuvu inayostawi kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa vibaya, na kupika hakuiondoi. Unga wako unaliwa na watoto wa Majengo. Gunia lenye harufu ya uvundo na punje zenye ukungu halichanganywi na mazuri ili "lisionekane". Linatupwa, na hasara yake iwe imo kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Ndiyo maana hapo juu nilikutolea magunia manne.

Dumuzi, huyu wanayemwita Skania, anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi wakati wewe unasubiri bei. Mifuko ya tabaka tatu inayobana hewa inafanya kazi vizuri bila dawa, mradi mahindi yawe makavu na mfuko usitobolewe. Panga juu ya chaga, acha nafasi ya kupita ukutani, kagua kila wiki. Kama utatumia vidonge vya kufukiza, mwite mtaalamu, na kamwe, narudia kamwe, visiwekwe kwenye chumba cha nyumba wanayolala watu wala chumba kinachopakana nacho. Gesi yake inaua usingizini.

Bima: ukisikia benki inasema mkopo una bima, uliza inalipa lini. Kwa kawaida inalipa deni mkopaji akifariki au kupata ulemavu. Haikulipi bei ikishuka, na haikulipi mahindi yakiungua. Bima ya moto na wizi kwa bidhaa za dukani na ghalani ni nyingine na unaikata mwenyewe. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na tofauti ya mwenye bima na asiye nayo ilionekana asubuhi yake. Kwa duka la miaka sita, hii ungepaswa kuwa nayo hata bila mahindi.

Kuhusu nyumba, jambo moja la kisheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka idhini ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Saini ya mumeo haipo pale kama adabu tu. Ipo kumlinda yeye, wewe na watoto. Wapo wanaomtafuta mtu wa kusaini badala ya mume. Hilo ni kosa, na ndoa nyingi zimeishia hapo kabla hata benki haijaja. Mumeo hana woga wa bure. Ameliona lile ambalo hesabu ya milioni 9 haikulionyesha, ila hakuwa na namba za kulisemea. Kaa naye na hizi namba.

Na kama benki ukiikataa, tafadhali usiangukie kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, wala zile programu za simu zinazokopesha kwa siku saba. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2018 ya huduma ndogo za fedha, mkopeshaji lazima awe na leseni, na Benki Kuu inatangaza orodha ya wenye leseni. Mkopo wa siku saba kwa mzigo wa miezi sita ni lile tatizo la tarehe nililokueleza, mara ishirini. Ukihitaji kuongeza mtaji mwakani, angalia mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za wenye ulemavu. Unatolewa kwa kikundi, kwa hiyo hatari yake ni wenzako. Chagua watu ambao umewaona wakilipa VICOBA mwezi mgumu.

Hata kwa magunia 39 unaweza kuungana na wenye maduka wawili watatu mkajaza fuso moja na kugawana nauli. Gharama itashuka chini ya ile 9,000. Kila mtu aweke alama kwenye magunia yake, na muandikishane nani analipa nini fuso likiharibika njiani. Msiunganishe mzigo wenyewe wala mauzo, kila mmoja auze kwa wakati wake.

Mwakani, Juni, utakuwa na daftari la msimu mzima: ulinunua kwa ngapi, ghala lilikula ngapi, wadudu walichukua ngapi, duka lilimeza ngapi, bei ilikuwa ngapi kila mwezi. Nenda na daftari hilo benki ukaombe mkopo wa msimu kwa dhamana ya mzigo au mzunguko wa biashara, kwa kiasi ambacho hesabu yako ya hasara imekubali. Afisa mikopo akikataa, angalau atakuwa amekataa baada ya kuona namba. Kwa sasa, ile barua ya ofa irudishe kabla muda wake haujaisha, na uulize kwa maandishi kama kuna ada yoyote uliyokwishakatwa inayoweza kurudishwa. Kisha fungua daftari la mauzo ya miezi sita iliyopita, uhesabu yale magunia ya unga. Ile nane niliikisia tu, na hesabu yote ya magunia 39 inasimama juu yake.